Alama ya Vema ya Mtukufu

"Wananchi wote mnatangaziwa kwamba nchi yetu haina, haijawahi kuwa na, wala haitarajii kuwa na upungufu wa maji. Bwawa Kuu limejaa hadi ukingoni. Mitambo ni mizima. Mabomba ni mapya. Kilichopo ni hali ndogo ya kiufundi ambapo maji hayatoki. Wananchi mnaombwa kuendelea kuoga kama kawaida."

Tangazo hilo lilisomwa redioni asubuhi, kwa sauti nzito ya mtu aliyekwisha kunywa chai. Asubuhi hiyo hiyo, shuleni kwetu, sisi wasichana wa bweni tulikuwa tumepiga mswaki kwa soda iliyobaki kwenye mahafali, na mkuu wa shule, Madam Ndekirwa, alikuwa ametuamuru tusikimbie, tusicheze, wala tusicheke kwa nguvu, ili tusitoe jasho.

Nchi yenyewe siitaji jina, kwa sababu bado natumia mabomba yake. Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha tatu, mtulivu, mtiifu, nisiye na doa. Ni kweli kwamba shuleni kwetu kuliwahi kukutwa chura ndani ya sanduku la maoni, na kwamba aliyelifungua alikuwa Madam mwenyewe. Lakini uchunguzi ulionyesha kuwa chura yule aliwekwa na mtu asiyejulikana, na mimi nilikuwa wa kwanza kusikitika.

Nasimulia haya kwa nia njema tu, ili watakaokuja baadaye wajue jinsi viongozi wetu walivyopigana na kisanduku kimoja kidogo kwenye skrini, na jinsi kisanduku kilivyowashinda.

*

Kwetu maji hayafunguliwi na mtu. Yanafunguliwa na jedwali.

Zamani alikuwepo mzee pale bwawani aliyezungusha usukani wa chuma, maji yakatoka, mzee akarudi kulala. Wataalamu wakaona aibu. Ikatengenezwa lahajedwali kubwa iliyoitwa Jedwali Kuu la Taifa la Utiririshaji, na ndani yake zikaandikwa makro, yaani maagizo yanayolifanya jedwali lijiendeshe lenyewe. Kila asubuhi afisa hulifungua, makro hupiga hesabu mji gani upate maji kiasi gani, kisha huyaamuru malango ya bwawa yafunguke. Aliyeandika makro hizo ni shangazi yangu Mwanaheri, aliyenilea tangu wazazi wangu walipofariki. Ni mwanamke mwenye sauti kubwa na elimu kubwa, na vyote hivyo huvitumia kwa wakati mmoja.

Likizo moja alinieleza jinsi makro inavyofanya kazi. Makro, alisema, ni kama mpishi wa kukodi, haji na vyombo vyake. Huazima vya mwenye nyumba. Vyombo hivyo vimefungwa mafungu mafungu ndani ya kompyuta, na kila fungu wataalamu huliita maktaba. Ipo orodha ya maktaba zote, na mbele ya kila moja kuna kisanduku. Ukiweka alama ya vema kwenye kisanduku, umeiambia makro: usianze kazi bila hii. Sasa lichukue jedwali ulipeleke kwenye kompyuta nyingine isiyo na maktaba hiyo. Orodha itaandika HAIPO, na makro itakaa chini, itakunja mikono na kugoma kila kitu, hata kazi isiyohitaji maktaba hiyo hata kidogo.

"Kama mpishi anayekataa kuchemsha chai kwa sababu hakuna kinu," nikasema.

"Hasa."

"Na dawa yake?"

"Unafungua orodha, unaondoa tiki, unahifadhi, unakwenda zako kula. Hata wewe na utundu wako unaweza."

Nikamshukuru kwa elimu hiyo, kama mtoto mtiifu anavyopaswa.

*

Siku ya kuzindua jedwali alikuja Mtukufu Kiongozi Mkuu mwenyewe. Ratiba ilisema atabonyeza kitufe. Mkuu wa itifaki alipokiona kitufe akashtuka, kwa kuwa kilikuwa kidogo kuliko ukucha wa Mtukufu na kisingeonekana kwenye televisheni. Ikatafutwa sehemu yenye mvuto zaidi. Ikafunguliwa ile orodha ya maktaba, kwa sababu ina visanduku vingi na mtu akiitazama huonekana kama anafikiri.

Mtukufu akashika kipanya. Mshale ukazunguka juu ya orodha kama mwewe juu ya vifaranga, nchi nzima ikabana pumzi, kisha ukatua. Ulitua kwenye maktaba iliyoitwa Kalenda ya Ikulu, Toleo la Sherehe. Jedwali la maji halikuwa na haja na kalenda ya Ikulu. Hata Ikulu haikuwa na haja nayo. Ilikuwamo tu ndani ya kompyuta ile kwa sababu kompyuta yenyewe iliazimwa Ikulu, na iliazimwa kwa sababu mfuniko wake ulikuwa wa rangi ya dhahabu.

"Nimeweka vema!" Mtukufu akatangaza.

Mizinga ikalia. Wazee wakatoa leso. Shangazi Mwanaheri akamwinamia Waziri wa Maji, Mheshimiwa Dokta Mabruki, akamnong'oneza, ingawa mnong'ono wa shangazi husikika hadi getini:

"Mheshimiwa, hiyo aliyoiweka haihitajiki."

"Nyamaza, Mwanaheri. Anapigwa picha."

*

Mgeni wa nchi yetu anaweza kuuliza kwa nini alama ile haikuondolewa jioni ile ile, baada ya wapiga picha kwenda zao. Mgeni huyo hajui desturi yetu. Kwetu, alama iliyowekwa na mkubwa haiondolewi na mdogo. Mdogo anaweza kuongeza. Kuondoa hawezi. Jambo hili halimo katika sheria yoyote, maana lingeandikwa watu wangeweza kulisoma na kulipinga.

Kuna mto mmoja huko kaskazini ambako Mkuu wa Mkoa aliweka vema penye maneno "Daraja limekamilika". Wanaovuka kwa kuogelea huandikwa kuwa wamependa wenyewe. Na shuleni kwetu alikuja mkaguzi, akaharakishwa na mvua, akaweka vema penye "Shule ina maabara". Tangu hapo kila tukiwa na kipindi cha kemia huwa tunavaa makoti meupe, tunasimama kwenye nyasi nyuma ya jiko, na mwalimu anatuonya kwa ukali tusivunje vifaa.

Kwa hiyo alama ya Mtukufu ikabaki. Wala haikumdhuru mtu, maana jedwali liliendelea kufunguliwa kwenye kompyuta ile ile ya dhahabu, ambamo maktaba ile ya kalenda ilikuwemo. Miji ikapata maji. Watu wakaoga bila kujua wanavyobahatika.

Mambo yaliharibika siku Wizara ilipopata wazo. Iliamuliwa kwamba si adabu kompyuta iliyoguswa na Mtukufu kuguswa kila siku na Shangazi Mwanaheri, ambaye hula kashata akifanya kazi. Kompyuta ikapelekwa Makumbusho ya Taifa kwa gwaride, ikalazwa juu ya mto wa mahameli, ikafunikwa kwa kioo. Kioo kikafungwa, na ufunguo ukapelekwa Ikulu, ambako ukawekwa mahali pa heshima sana, wala hakuna anayekumbuka ni wapi. Jedwali likahamishiwa kompyuta nyingine, nyeusi, ya kawaida.

Kesho yake afisa akalifungua. Skrini ikasema maktaba haipatikani. Makro ikakunja mikono. Malango ya bwawa yakabaki yamefungwa, maji yakiwa nyuma yake yamejaa hadi ukingoni kama redio ilivyosema, maana redio yetu haisemi uongo, huchagua tu.

*

Naomba nisiwaonee watu wa Wizara. Hakuna aliyekosa kuijua dawa. Waziri aliijua. Katibu Mkuu aliijua. Mama anayepika chai aliijua. Dereva wa Waziri aliwaeleza madereva wenzake dawa hiyo chini ya mti wa kivuli, akichora visanduku mchangani kwa kijiti. Sidhani kama ipo wizara nyingine duniani ambamo watumishi wote wana ujuzi sawa wa kompyuta na hakuna hata mmoja mwenye kidole.

Kikaitwa kikao. Shangazi alikuwepo, na alinisimulia kila neno.

"Ndugu zangu," Waziri akaanza, "tunatafuta suluhisho la kisasa, la kudumu, lisilogusa alama."

Katibu Mkuu, Bwana Ngwilizi, akapendekeza kompyuta mpya ipakwe rangi ya dhahabu ili ijione kama ile ya zamani. Ikapakwa. Rangi ilipokauka, orodha ilikuwa bado inasema HAIPO.

Mtu wa uhusiano akapendekeza ibandikwe karatasi juu ya herufi mbili za mwanzo, skrini isomeke IPO. Ikabandikwa. Waandishi wa habari wakaitwa, wakaitazama, wakaandika kwamba ipo. Maji hayakusoma gazeti.

Mhandisi mmoja akauliza kama yule mzee wa bwawani hawezi kuitwa, azungushe usukani wake wa chuma.

"Usukani uliondolewa," Katibu Mkuu akamjibu.

"Lakini upo. Nimepita jana nimeuona."

"Kwenye taarifa ya mwaka ulipigiwa vema kuwa umeondolewa. Kwa hiyo hukuona kitu, Mhandisi."

Mhandisi akakubali kwamba jua lilikuwa kali.

Hapo Shangazi Mwanaheri akasimama. Alikuwa na siku kadhaa anaoga kwa maji ya madafu.

"Mheshimiwa, naomba kusema."

"Sema, mama, lakini kwa hekima."

"Ondoeni tiki."

Chumba kizima kikainamia meza. Wengine walijifanya wameangusha kalamu.

"Mwanaheri!" Waziri akasema. "Unajua tiki hiyo ni ya nani?"

"Najua. Na mwenyewe hajui kama aliiweka. Mheshimiwa, nywele zangu zimegandana, nzi wananifuata hadi kwenye lifti. Wewe mwenyewe, samahani, umejipulizia marashi mpaka tunakohoa. Ondoeni tiki watu waoge!"

Kwa maneno hayo alishtakiwa kosa la kutamka uondoaji mbele ya mashahidi. Adhabu yake ilikuwa uhamisho kwenda Kituo cha Kupima Mvua cha Jangwa la Kusini, ambako kipimo hakijawahi kulowana, na afisa aliyeko sasa ameandika barua kwa Wizara akiuliza mvua ikoje, asije akaikosa ikija.

*

Shangazi alikuja shuleni kuniaga. Tulikaa kwenye benchi karibu na bomba, ambalo tulikuwa tumelivika koti la sare kwa kulihurumia.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba. Mbona unanuka machungwa?"

"Soda. Tunapigia mswaki."

"Furahia. Huko niendako hata soda hakuna." Akacheka, kisha kicheko kikamkatikia katikati, jambo ambalo sijawahi kuliona kwake. Akatoa ufunguo wa nyumba, akanitia mkononi. "Likizo utakaa kwa jirani, Mama Kijoli. Ni mama wa watu, mpole. Usije ukamwekea chura."

"Shangazi, yule chura uchunguzi ulionyesha kwamba..."

"Sijakuuliza."

"Utarudi lini?"

"Mvua ikinyesha jangwani nikaipima, nitaleta taarifa mwenyewe."

Gari la Wizara lilipangwa kumchukua baada ya sherehe iliyokuwa inaandaliwa. Mimi sina kwingine kwa kwenda likizo, wala mtu mwingine wa kuniuliza mbona nanuka machungwa. Nasema hili kwa ufupi kisha narudi kwenye mambo ya Serikali, ambayo ndiyo muhimu.

*

Sherehe yenyewe iliitwa Siku ya Kuibembeleza Kompyuta. Tume iliyoundwa ilikuwa imegundua kwamba kompyuta mpya imesusa, kwa sababu haikuzinduliwa kama mwenzake. Haja yake, ilisema tume, ni wimbo. Kwaya ya shule yetu ikateuliwa, kwa kuwa Madam Ndekirwa hajawahi kukataa mwaliko wenye pilau.

Tukapelekwa Wizarani, tukapangwa mbele ya kompyuta kwa urefu, tukaimba:

"Ewe mashine tulivu, usitununie tena,
Alama ya Mtukufu, ipokee kwa hiyana..."

Madam akatukatiza hapo kwa kukohoa, kwa sababu maneno yaliyoidhinishwa yalikuwa "kwa heshima". Mtu asiyejulikana alikuwa ameyabadilisha kwenye nakala zetu. Tukarudia vizuri. Waziri akapiga makofi, kompyuta haikupiga. Wageni wakaalikwa kwenda kula ukumbini, na hata mlinzi akaweka rungu lake mlangoni limlindie, akafuata harufu ya pilau.

Sasa nafika kwenye tukio zito, na naomba ieleweke kwamba nasimulia nilivyosikia kwa watu.

Inasemekana kwamba wakati wa chakula mtu asiyejulikana aliingia katika chumba cha kompyuta. Wengine wanasema alikuwa anatafuta choo. Akasikia nyayo, akajificha nyuma ya pazia la rangi za taifa. Aliyeingia alikuwa Waziri wa Maji peke yake, mkononi ana sahani ya pilau yenye kiazi kimoja kikubwa juu.

Waziri akaweka sahani. Akachungulia mlangoni. Akaketi, akafungua orodha ya maktaba, akabandua ile karatasi kwa ukucha, akalisoma neno HAIPO lote zima kwa midomo bila sauti. Kisha akanyoosha kidole juu ya kipanya. Ukutani, juu ya skrini, ilikuwepo picha ya Mtukufu akitabasamu. Waziri akakirudisha kidole.

"Nisamehe, Mtukufu," akaiambia picha. "Ni wajukuu. Wananuka, Mtukufu, siwezi hata kuwapakata."

Akakinyoosha tena. Safari hii kilifika, kikakaa juu ya kipanya kama nzi aliyechoka. Picha ikaendelea kutabasamu. Waziri akajifuta uso kwa tai yake, akasimama, akatoka mbiombio, akasahau sahani, na orodha akaiacha wazi.

Mtu asiyejulikana akatoka nyuma ya pazia. Kiti kilikuwa bado cha moto. Akabofya kisanduku mara moja, tiki ikatoweka. Haikulia wala kuwaka. Inasemekana mtu huyo alitegemea walau ngurumo kidogo, akasikitika. Akahifadhi jedwali, akaliendesha, na kwa kuwa kutupa chakula ni vibaya, akamalizia kiazi.

Mji mzima, kila mtu alikuwa amefungua bomba lake, akakata tamaa, akasahau kulifunga. Kwa hiyo maji yalitoka kila mahali kwa mpigo. Pale Wizarani yaliingia ukumbini kutoka upande wa vyoo, yakapita chini ya meza kuu, viongozi wakainua viatu na kushangilia. Bwana Ngwilizi alikutwa bustanini chini ya bomba, na suti yake, na miwani yake, anajisugua kwa karatasi ya ratiba.

*

Jioni redio ikatangaza kwamba wimbo umeleta maji. Kwaya yetu ikapewa jina la Kwaya ya Taifa ya Utiririshaji. Raha hiyo haikudumu, kwani akaja Bwana Shekilindi.

Bwana Shekilindi ni Mkaguzi Mkuu wa Alama, mtu mwembamba anayevaa kalamu shingoni kama filimbi. Alifungua orodha kuihakiki alama ya Mtukufu kabla ya kuipigia salamu, akakuta kisanduku cheupe. Redio ikatoa tangazo la pili:

"Maji yanayotoka hivi sasa yanatoka kinyume cha utaratibu. Wananchi wayatumie kwa masikitiko."

Tukayatumia. Nilimwona mpishi wetu akifua mapazia ya jiko kwa masikitiko makubwa, huku akiimba.

Wa kuirudisha alama hakupatikana, maana aliyeiweka alikuwa Mtukufu, na kumwomba aiweke tena kungehitaji kumwambia kwamba iliondoka. Kilichobaki kilikuwa kumpata aliyeiondoa. Bwana Shekilindi hakuhangaika. Shangazi Mwanaheri, wakati watu wanakula pilau, alikuwa stoo akirudisha kiti chake cha ofisini, mtunza stoo anakikagua mguu mmoja mmoja. Mtunza stoo akalisema hilo.

"Aliyetamka ndiye aliyetenda," Mkaguzi akajibu, na akaongeza kwenye hati ya uhamisho maneno "wa maisha".

Sisi wanakwaya tukaagizwa tuandike insha, "Jinsi Wimbo Wetu Ulivyoleta Maji", na mshindi angezawadiwa na Waziri mwenyewe. Hapa nakiri udhaifu mdogo: napenda kushinda. Madam Ndekirwa ametufundisha kwamba insha nzuri ina maelezo hai, yanayomfanya msomaji aone. Nilitaka pia, kwa njia ya adabu, kuonyesha kwamba siku ile chumbani mle walipita watu wengine, wala si shangazi. Nikaandika maelezo hai. Nilidhani hakuna atakayeyasoma. Wizara ile haijawahi kusoma hata taarifa zake yenyewe.

*

Siku ya zawadi tulikusanywa bwaloni. Jukwaani walikaa Waziri, Mkaguzi na Madam Ndekirwa. Nje, chini ya dirisha, lilikuwa limesimama gari la Wizara linaloelekea jangwani, na shangazi ndani yake, kati ya godoro na ndoo. Alikuwa ameomba apitishwe shuleni, anione mara ya mwisho.

"Sikudhani Mbelwa, simama," Bwana Shekilindi akaita.

Nikasimama. Akainua insha yangu.

"Wenzako wote wameandika kwamba wimbo ulikuwa mtamu. Wewe umeandika hivi: 'Kiti kilikuwa bado cha moto.' Umeandika: 'Kidole cha Mheshimiwa kikakaa juu ya kipanya kama nzi aliyechoka.' Umeandika juu ya kiazi. Umejuaje kuna kiazi?"

Nje injini ya gari ilikuwa inanguruma. Nikamtazama Waziri. Sijawahi kumwona mtu mzima akipungua vile ndani ya nguo zake. Kisha akapata wazo, nikaliona likimjia usoni.

"Bwana Mkaguzi," akasema, akicheka kwa shida, "hii ni insha. Mtoto amebuni. Ana ubunifu wa hali ya juu sana! Mimi siku ile sikutoka mezani. Napendekeza apewe zawadi ya kwanza. Si ndiyo, binti? Umebuni tu?"

Akanitazama kwa macho yale yale aliyoitazama nayo picha ukutani.

"Kama amebuni," Mkaguzi akasema, "basi chumbani aliingia Mwanaheri na si mwingine. Faili nalifunga. Dereva!"

Dereva akaitika kutoka nje. Akapandisha gia.

"Binti," Waziri akarudia, polepole, "umebuni?"

Naomba mfikirie hali yangu. Maisha yangu yote nimeishi kwa kusema kwamba sijui, sikuwepo, nilikuwa wa kwanza kusikitika. Ndiyo kazi ninayoiweza. Na siku hiyo moja walikuja watu wazima, wenye vyeo, wakaniomba kwa upole nidanganye, na zawadi juu.

"Sikubuni," nikasema.

"Sikudhani!" Madam Ndekirwa akanionya.

"Nilikuwa nyuma ya pazia. Nimeondoa tiki kwa kidole hiki hapa. Lakini nimefanya nusu tu, Bwana Mkaguzi. Nusu ya kufungua orodha alifanya Mheshimiwa, nami niliikuta wazi. Ukiniandika mimi, mwandike na yeye. Na kiazi nilikula. Kilikuwa na chumvi nyingi."

Mkaguzi akaishika kalamu yake shingoni, akaniangalia mimi, akamwangalia Waziri, akaiachia ikaning'inia. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza katika utumishi wake kukuta kisanduku asichojua aweke nini.

Madam Ndekirwa akainuka nusu kwenye kiti.

"Na ule wimbo? 'Kwa hiyana'?"

"Ni mimi, Madam."

Sauti yake ikashuka, ikawa ya mtu aliyebeba swali kwa muda mrefu.

"Na yule chura?"

Gari lilikuwa limeanza kuzunguka kuelekea getini. Nilikuwa natembea tayari kuliendea dirisha, wenzangu wakinipisha.

"Na chura pia, Madam," nikasema, nikatoa kichwa nje, nikapiga kelele kwa sauti yote niliyorithi kwake: "Shangazi, shuka! Wamenipata!"